Viungo vya Majani Mlangoni: Faida ya Kupanda Dania na Mnanaa Nyumbani

Hakuna jioni ipitayo katika mitaa ya Gitothua, jirani ya mji wa Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, pasipo vibanda vya mboga kuzungukwa na wanunuzi. Huyu ataka nyanya, yule ataka sukuma wiki iliyokwisha kukatwa, na karibu kila mmoja, kabla ya kulipa, huongeza fungu la dania. Fungu hilo ni dogo na bei yake ni ndogo, na kwa sababu hiyo ni nadra mtu kuuliza limetoka shamba gani, wala limenyweshwa maji gani. Walakini swali hilo lina maana kubwa kuliko bei, kwa kuwa dania mara nyingi huliwa mbichi.

Yafuatayo ni maelezo ya jinsi mtu yeyote, hata mpangaji wa chumba kimoja, awezavyo kupanda dania yake mwenyewe pamoja na viungo vingine vya majani, na jinsi ya kuvitumia vizuri jikoni.

MAJANI YALIWAYO MABICHI

Sukuma wiki hupikwa, na moto huua vijidudu vya maradhi. Lakini dania ya kachumbari haipiti motoni, wala mnanaa utiwao katika maji ya ndimu. Kila kitu kilichokuwa juu ya jani huingia mdomoni pamoja nalo. Iwapo bustani ilinyweshwa maji ya mtaro yaliyochanganyika na uchafu wa vyoo, basi vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu vyaweza kushika katika majani. Tena jani la dania limekatikakatika, na vikonyo vyake husongamana katika fungu, hata vijidudu hupata mahali pengi pa kujificha. Kuosha hupunguza hatari hiyo, lakini hakuiondoi yote.

Watu wa Kiambu wameona jinsi maradhi ya namna hii yanavyoenea. Mwezi wa Oktoba 2022, kipindupindu kilipozuka nchini Kenya, wagonjwa wa kwanza walipatikana katika kaunti hiyo. Haikusemwa kuwa dania ndiyo iliyokileta. Lakini njia ya ugonjwa huo hujulikana: uchafu wa mtu mgonjwa huingia katika maji, na maji yale hunywewa, au hutumiwa katika chakula ambacho baadaye hakikupikwa.

Si haki kuwashutumu wauzaji wa mboga kwa jambo hili. Wengi wao hununua kwa wakulima waangalifu wenye visima au mito safi. Shida ni kwamba dania ya maji safi na dania ya mtaro zikiwekwa mezani pamoja, hakuna awezaye kuzitofautisha kwa macho wala kwa pua. Pengine ile ya mtaro huwa na rangi nzuri zaidi, maana maji machafu yana mbolea nyingi.

Kwa hiyo iko kanuni moja iwafaayo watu wote. Dania isiyojulikana ilikotoka itiwe chunguni, ichemke pamoja na mchuzi au githeri. Dania ya kuliwa mbichi iwe ile ambayo mlaji ameiona ikimea, na ajua maji yake. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kupanda viungo nyumbani. Akiba ya fedha na utamu wa chakula ni faida nyingine zifuatazo baadaye.

MTU ASIYE NA SHAMBA

Wengi watajibu kuwa shauri hili ni la watu wenye mashamba. Ni kweli kwamba ardhi imekuwa haba. Zamani sehemu kubwa ya nchi kuzunguka Ruiru ilikuwa mashamba ya kahawa, na jina la mji huo lajulikana mbali kwa sababu ya aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 baada ya kuzalishwa katika kituo cha utafiti cha hapo. Tangu siku hizo mashamba mengi yamekatwa viwanja, na baada ya barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa kufunguliwa mwaka 2012, nyumba za kupanga zimeongezeka upesi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kaunti Ndogo ya Ruiru ilikuwa na watu zaidi ya 370,000. Gitothua ni mojawapo ya wadi zake, na jamaa nyingi za hapo hazina hata hatua mbili za udongo ziwezazo kuitwa zao.

Hata hivyo viungo vya majani havihitaji shamba. Mizizi yake ni midogo, na jamaa moja haihitaji majani mengi. Chombo chenye kina cha sentimita 20 chatosha kwa dania, na mahali pa vyombo vitatu au vinne hupatikana hata kando ya kizingiti. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, ambako nyumba zimesongamana kuliko Gitothua, maelfu ya jamaa walianza kupanda mboga katika magunia yaliyojazwa udongo baada ya machafuko ya mwaka 2008. Gunia moja lilitobolewa ubavuni, mche ukatiwa katika kila tundu, na mboga zikamea pande zote. Njia hiyo yafaa kwa viungo vilevile.

Mpangaji na amwombe ruhusa mwenye ploti au msimamizi wa nyumba kabla ya kuanza. Vyombo visizibe njia ya kupitia watu, wala mfereji wa maji ya mvua. Katika nyumba za ghorofa visiwekwe juu ya ukingo wa roshani, kwa sababu chombo kilichojaa udongo ulioloa ni kizito sana, na kikianguka chaweza kumwua mtu aliye chini.

VYOMBO NA UDONGO

Chombo si lazima kinunuliwe. Ndoo iliyopasuka, sufuria kuukuu, debe, au mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 20 uliokatwa ubavuni, vyote vyafaa. Jambo la sharti ni kutoboa matundu matano au sita chini yake, kila moja nene kama kidole kidogo, ili maji yasituame. Mizizi iliyozama ndani ya maji hukosa hewa na kuoza, na vyombo visivyo na matundu huharibu mimea mingi kuliko jua. Mikebe ya rangi na vyombo vilivyokuwa na dawa za wadudu visitumiwe kamwe, hata vikioshwa mara nyingi, kwa sababu sumu yake hubaki.

Udongo nao uchaguliwe kwa uangalifu. Mtu asichote udongo wa mtaroni wala wa kando ya barabara kubwa. Kwa miaka mingi magari yalitumia petroli yenye madini ya risasi. Petroli hiyo ilikoma kuuzwa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Iliyoanguka zamani yaweza kuwa bado udongoni, na huwadhuru zaidi watoto wadogo. Kuosha majani hakuiondoi ile iliyokwisha kuingia ndani, wala moto wa jikoni hauiharibu.

Udongo mwekundu wa shambani ni mzuri. Ule mweusi ushikamanao wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua hauna budi kulegezwa kwa mchanga. Kipimo kizuri ni makarai mawili ya udongo, karai moja ya samadi iliyooza, na karai moja ya mchanga. Samadi iwe imekaa miezi minne au zaidi, hata imekuwa nyeusi, inafikichika mkononi, na haina harufu ya zizi. Samadi mbichi huunguza mizizi, na tena ina vijidudu vilevile ambavyo mtu anajaribu kuviepuka.

DANIA

Dania ni mmea wa kale sana. Mbegu zake zilikutwa katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, lililofunguliwa mwaka 1922. Majina yake katika Afrika ya Mashariki yaonyesha njia iliyopita: dania ni neno la Wahindi, na kotimiri, jina litumiwalo pwani, latokana na lugha ya Kigujarati. Kadhalika mnanaa na mrehani ni majina yaliyotoka kwa Waarabu. Viungo hivyo vilikuja pamoja na wafanya biashara na wapishi, vikapata makao katika vyungu vya watu wa pwani na wa bara.

Mbegu za dania zauzwa katika maduka ya wakulima. Hata zile nzima zinunuliwazo kwa kupikia pilau huota, mradi hazijakaangwa. Kila punje ni mbegu mbili zilizofungwa pamoja. Kwa hiyo punje hizo zisuguliwe taratibu chini ya kipande cha ubao mpaka zigawanyike, kisha zilowekwe majini usiku mmoja. Asubuhi zipandwe papo hapo zitakapokulia, kwa kina cha sentimita moja, zikiachana sentimita tano. Dania ina mzizi mmoja mrefu uendao chini, na haipendi kuhamishwa.

Miche huanza kutokeza baada ya siku 7, lakini pengine hukawia hata siku 21. Wengi hukata tamaa katika siku hizo na kufukua udongo ili watazame, na kwa kufanya hivyo huivunja miche iliyokuwa karibu kutokeza. Udongo uwekwe na unyevu tu, nayo itatoka. Baada ya majuma matano au sita majani huwa tayari kukatwa.

Dania si mmea wa kudumu. Jua likiwa kali, au siku zikipita, hurefuka, majani yake huwa membamba kama nyuzi, na maua meupe hutokea. Hapo utamu wa majani umekwisha. Mtu asidhani kuwa ameshindwa kazi, kwani hiyo ndiyo tabia yake. Dawa ni kupanda kidogo kidogo: chombo cha kwanza leo, cha pili baada ya majuma matatu, cha tatu baada ya majuma matatu mengine. Kwa njia hiyo kimoja kikizeeka, kingine huwa tayari. Vyombo vilivyotoa maua viachwe vikauke, vitoe mbegu za kupanda tena.

VIUNGO VIDUMUVYO

Mnanaa ni mwepesi kuliko vyote kuotesha. Kipande cha shina chenye urefu wa kidole hutiwa katika bilauri ya maji, majani ya chini yakiwa yameondolewa. Baada ya juma moja au mawili mizizi hutokea, nacho huhamishiwa udongoni. Lakini mnanaa hutambaa na kuuvamia kila mmea ulio jirani, basi upandwe katika chombo chake peke yake. Hupenda maji, na hauchukii kivuli cha nusu siku.

Mchaichai hupatikana kwa kuomba shina moja lenye mizizi kutoka kwa jirani mwenye kichaka chake. Shina hilo likipandwa katika debe au gunia, hugeuka kuwa kichaka kwa muda wa miezi michache. Majani yake yana makali kama ya nyasi, kwa hiyo yakatwe kwa kisu, na chombo kisiwekwe mahali watoto wanapokimbia.

Rozimari imekwisha kuenea katika Kiambu, na watu wengine huipanda kama ua la nyumba bila kujua matumizi yake jikoni. Tawi changa la sentimita 10 au 15 huondolewa majani ya chini, likachomekwa katika udongo wenye mchanga mwingi, likawekwa kivulini. Mizizi huchukua mwezi mmoja au miwili. Baadaye mmea huhitaji jua la saa sita au zaidi kwa siku, na maji machache. Rozimari hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu.

Mrehani hupenda joto. Ruiru iko katika kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari, na katika miezi ya baridi, yaani Juni mpaka Agosti, mrehani husinyaa na kukua polepole. Yafaa upandwe mvua za vuli zikianza, mwezi wa Oktoba, au baada ya baridi kupungua. Ncha yake ikatwe mara kwa mara ili utoe matawi, na maua yaondolewe yakianza tu, la sivyo majani huwa machungu.

Vitunguu vya majani navyo visisahauliwe. Sehemu ya chini yenye mizizi, ambayo wapishi huitupa, ikatwe kwa urefu wa sentimita tatu na kupandwa. Baada ya majuma mawili hivi huwa na majani mapya ya kukatwa.

MAJI

Katika mitaa mingi ya Ruiru maji hayatoki kwenye mfereji kila siku, na mengine hununuliwa kwa mitungi. Kwa sababu hiyo watu husita kuyamwaga juu ya mimea. Lakini vyombo vinne vya viungo havihitaji zaidi ya lita mbili au tatu kwa siku, na maji hayo yamo nyumbani tayari. Maji safi yaliyooshea mchele, maharagwe au mboga hayana dhara kwa mmea, nayo yaweza kumwagwa shinani. Yasiyofaa ni maji ya sabuni, maji ya kufulia nguo, maji yenye chumvi, na yale yaliyooshea nyama mbichi.

Mvua nayo ni hazina. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Basi kibanda chenye paa la mabati la mita za mraba 20, mvua ikinyesha milimita 10, chaweza kutoa karibu lita 200. Maji ya kwanza yaachwe yapite, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Pipa lifunikwe vizuri ili mbu wasitage mayai.

Maji yamwagwe asubuhi au jioni, juu ya udongo na si juu ya majani. Njia ya kupima ni kutia kidole udongoni. Kikitoka kikavu, mmea una kiu. Kikitoka na udongo ulioshika, ungoje mpaka kesho.

WADUDU NA KUKU

Adui wa kawaida ni vidukari, wadudu wadogo wa kijani au weusi wakaao chini ya majani na kunyonya utomvu. Wakiwa wachache, waondolewe kwa vidole au kwa maji yanayotoka kwa nguvu. Wakiwa wengi, kijiko kimoja cha sabuni ya maji kikorogwe katika lita moja ya maji na kunyunyizwa jioni, kisha majani yaoshwe vizuri siku ya pili. Dawa za sumu zitumiwazo mashambani zisitumiwe kabisa katika viungo vya nyumbani. Kila dawa ina idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna, na mtu aliyezoea kukata majani kila jioni hawezi kungoja.

Kuku ni adui wa pili. Kuku mmoja aweza kufukua kazi ya majuma matano kwa dakika tano, na kinyesi chake huchafua majani. Vyombo viinuliwe juu ya mawe au benchi, au vizungushiwe wavu. Mbwa na paka pia wazuiwe.

KUKATA NA KUPIKA

Majani yakatwe asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, maana ndipo harufu yake huwa nyingi. Mtu asikate zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja, ili upate nguvu ya kuchipua tena. Hata majani ya nyumbani yaoshwe kwa maji safi, na mkataji anawe mikono kwa sabuni kwanza.

Utamu wa viungo hivi hutoka katika mafuta mepesi yaliyomo ndani ya majani, nayo hupotea upesi katika moto. Kwa hiyo vikonyo vya dania vitiwe chunguni mapema pamoja na vitunguu, na majani yake yatiwe mwishoni, sufuria ikiwa karibu kuepuliwa. Mrehani nao ni hivyo. Lakini rozimari ina majani magumu, na hutoa ladha yake polepole, basi itiwe mwanzo pamoja na nyama au viazi. Kitawi kimoja chatosha sufuria ya jamaa nzima. Mnanaa usichemshwe: maji yaliyochemka yamwagwe juu ya majani, bilauri ifunikwe kwa dakika tano, na kinywaji ki tayari. Shina la mchaichai lipondwe kidogo, kisha lichemshwe pamoja na chai.

Faida moja ya viungo haitajwi mara nyingi, nayo ni kupunguza chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri kuwa mtu mzima asile chumvi ifikayo gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, kwa sababu chumvi nyingi huongeza shinikizo la damu. Mchuzi wenye dania ya kutosha, kitunguu na ndimu hauhitaji chumvi nyingi, wala vile viungo vya unga vya pakiti ambavyo mara nyingi vina chumvi ndani yake. Mpishi apunguze kidogo kidogo kwa juma moja au mawili, na ulimi wa jamaa utazoea.

Asiye na jokofu aweza kuweka dania kwa siku mbili au tatu akiisimamisha vikonyo vyake vikiwa ndani ya bilauri ya maji, na kubadilisha maji kila siku. Mnanaa, mchaichai na rozimari hukaushwa kivulini, penye upepo, na kuwekwa katika chupa yenye kifuniko. Dania na mrehani vikikaushwa hupoteza sehemu kubwa ya harufu yake.

CHAKULA, SI BADALA YA DAKTARI

Watu wengi huamini kuwa majani haya huponya kila maradhi. Kinywaji cha mnanaa hutuliza tumbo lililojaa hewa, na si vibaya kukinywa. Lakini hakiponyi malaria wala homa ya matumbo, na mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu asiache dawa alizopewa kwa sababu ya chai ya mchaichai. Mama mjamzito aweza kula viungo hivi kwa kiasi cha kawaida cha chakula, lakini asinywe dawa iliyotengenezwa kwa kukoleza rozimari nyingi. Mtu mwenye kuhara sana kama maji apelekwe hospitali mara moja, huku akinyweshwa maji safi yenye chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, kwani kipindupindu chaweza kumwua mtu kwa muda wa saa chache.

HESABU YA MWAKA

Mtu anunuaye dania ya shilingi 10 kila siku hutumia shilingi 300 kwa mwezi, na shilingi 3,650 kwa mwaka. Haiwezekani kuokoa zote, kwa maana vyombo vitatu pengine havitatosha wakati wa arusi au wageni wengi. Lakini hata nusu yake ikiokolewa, ni fedha ya kununulia daftari za watoto au mtungi wa kuwekea maji. Gharama ya kuanza ni mbegu chache na karai la samadi, kama vyombo vimeokotwa.

Kazi yenyewe si nzito. Dakika kumi kwa siku zatosha, na mtoto wa shule aweza kukabidhiwa chombo kimoja kiwe chake. Majirani wa ploti moja wakikubaliana, huyu apande dania, yule mnanaa, na wa tatu vitunguu vya majani, wote wataweza kubadilishana. Mwenye kutaka mashauri zaidi aweza kumwendea afisa wa kilimo, kwa kuwa tangu mwaka 2013 kazi ya kuwashauri wakulima iko mikononi mwa serikali za kaunti.

Anayetaka kuanza asingoje mpaka apate vyombo vyote vilivyotajwa hapa. Na aanze na kimoja cha dania, akitoboe matundu, akijaze udongo mzuri, na kukiweka mahali atakapokiona kila asubuhi anapofungua mlango. Baada ya majuma sita ataweza kuwawekea watoto wake kachumbari mezani, akijua ni maji gani yaliyokuza dania iliyomo.